Kiti cha Nyuma cha Benzi

Mtu mwenye akili zake timamu akitaka kufufua gari lililokufa huanza na injini. Mwongera alianza na kiti cha nyuma. Watu wa Laare walicheka, wala hawalaumiki. Injini imekwama, kuku wametaga chini ya usukani, mlango mmoja umeshikiliwa kwa kamba ya katani, na fundi mzima na mvi zake amekaa kwenye kigoda akishona ngozi ya kiti kwa sindano ya magunia! Alishona miezi minne. Alipomaliza alikifunika kiti kwa shuka safi, akafunga milango, ndipo akashika spana. Aliyemuuliza sababu alijibiwa kwamba ngozi ikichelewa huoza. Huo ulikuwa uongo, na Mwongera hakuwa mzoefu wa uongo, kwa hiyo kila aliposema hivyo alijikuna shingo.

Lilikuwa Benzi la mwaka 1976, jeusi enzi zake, silinda sita, mbao zilizong'arishwa mbele ya dereva. Mwenyewe alikuwa Salesio Muthamia, mnunuzi wa miraa aliyekuwa na sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa na wa kupiga. Mwongera alimwendeshea gari hilo miaka kumi na tisa. Aliliosha, alilitengeneza, alilifungua na kulifunga hadi akalijua kuliko alivyojua mwili wake. Mlango wa nyuma alikuwa akimfungulia tajiri, anasubiri aingie, anaufunga polepole usilie. Yeye mwenyewe hakuwahi kukalia kiti kile hata siku moja, na hilo halikumuuma. Lililomuuma lilikuwa jingine.

Ilikuwa Novemba 1982, na mvua ya milima ya Nyambene haibembelezi mtu. Mwongera alikuwa akipandisha kilima kutoka upande wa Maua, tajiri akiwa nyuma na mgeni wake wa Nairobi, mtu wa suti na viatu vyeupe. Mbele, kando ya barabara, wanawake watatu walikuwa wakipanda wameinama, mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Wa mwisho alikuwa na leso ya kijani na gunia la viazi, na mimba ya miezi saba. Alikuwa Karwirwa, mkewe.

Karwirwa aliusikia mlio wa gari na akaujua. Aligeuka, akainua mkono. Hakuomba kubebwa. Aliinua mkono kama mtu anavyomsalimu mumewe akikutana naye njiani.

"Hao wasidhani tunabeba watu," Salesio alisema kutoka nyuma. "Watatuchafulia viti. Piga honi upite."

Mwongera akapiga honi. Wanawake wakaruka kuingia mtaroni, na gurudumu la kushoto likaingia kwenye dimbwi, likamwaga tope lote juu ya leso ya kijani. Katika kioo alimwona mkewe amesimama ndani ya mtaro, maji magotini, mkono ungali juu. Hakuushusha haraka. Halafu kona ikamficha.

Jioni alipofika nyumbani alikuta chakula kiko tayari. Karwirwa alikuwa amebadilisha nguo, na leso ilikuwa kwenye kamba. Mwongera alikula akiwaza jinsi ya kuanza. Kila neno alilolishika lilimteleza. Mwishowe akasema, "Mvua ilikuwa kubwa leo."

"Ilikuwa kubwa," Karwirwa akajibu, akaondoa sahani.

Hayo ndiyo mazungumzo yote waliyowahi kuwa nayo juu ya siku ile. Mtoto, Kanana, alizaliwa salama, wakazaliwa wengine, wakakua, wakaoa na kuolewa. Watu waliwaona wazee hao kuwa ni mume na mke wasiogombana, na ni kweli hawakugombana. Mwongera alijifariji kwa ule msemo kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Alijiambia kwamba kosa la namna ile halilipwi kwa maneno, maneno ni ya wavivu. Litalipwa kwa tendo, na tendo alilijua. Siku moja Karwirwa atakaa kwenye kiti kile kile, na yeye Mwongera atamfungulia mlango, atasubiri aingie, ataufunga polepole.

Tajiri alifariki mwaka 1995. Mwongera ndiye aliyemwendesha hospitali mara ya mwisho, gari likikohoa na mgonjwa akikohoa. Salesio alilitazama Benzi lake kupitia dirishani, akasema, "Hiyo gari imekwisha, na mimi nimekwisha. Ukiifufua, chukua, iwe yako." Hakukuwa na shahidi wala karatasi. Gari lilisimama miaka mitatu katika ua wa kufungia miraa, likigeuka makazi ya kuku, hadi Mwongera alipokodi trekta na kulikokota hadi kwake. Mjane hakusema kitu. Watoto wa marehemu walikuwa Nairobi, na mtu wa Nairobi hakumbuki chuma kilichoota nyasi.

Basi akaanza, na kazi hiyo ikamla miaka kumi na moja. Banda lake la mabati nyuma ya nyumba lilikuwa na taa moja, meza moja na misumari mia moja ukutani, kila msumari umening'iniza kipande cha Benzi. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona ardhi, akaikata yote na kuchomelea mabati mapya, kipande kwa kipande. Kabureta aliifungua mara tisa. Spea alizifuata Grogan kule Nairobi, na nyingine alizichonga mwenyewe kwa tupa, kwa sababu wenye maduka walimtazama kama mtu anayeulizia dawa ya marehemu. Injini aliisikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, macho kafumba. Miraa aliyovuna shambani iliingia tumboni mwa gari lile msimu baada ya msimu, na nyingine ilikuwa shavuni mwake, kwa sababu Mwongera hakufanya kazi bila kutafuna.

Hapo kwenye kutafuna palikuwa na mazoea. Jirani yake Runji, mzee mwenzake anayeheshimika katika baraza la wazee, alipita karibu kila siku. Alikuwa akisimama langoni na kumsalimu kwa Kimeru, "Muga, fundi!" Mwongera, akiwa chini ya gari, hakutoka. Alitoa mkono tu. Runji aliutilia vijiti viwili vitatu vya miraa, mkono ukarudi chini ya gari, na mazungumzo yakaendelea, mmoja akiongea na viatu na mwingine akiongea na mabati.

Miaka ikaenda na magoti ya Karwirwa yakaenda nayo. Yalivimba, yakakataa kukunjika. Kanisani hakuenda tena, maana bodaboda hakuweza kuipanda, na kutembea hadi Laare ilikuwa ndoto. Alishinda kwenye veranda na uteo wa maharagwe mapajani, akichambua na kusikiliza nyundo. Mwongera alimtazama akaona muda unamkimbia. Aliongeza kasi. Alilala kidogo, akakonda. Hakuwa na hofu nyingine duniani isipokuwa hii: kwamba mama huyu atakufa kabla hajakaa kwenye kiti kile.

Alhamisi moja ya Agosti 2009, saa nne asubuhi, Benzi likawaka. Liliguna, likatema moshi, likazima. Akarudia. Likaguna tena, halafu likashika, likatulia, likaanza kunguruma kwa ile sauti nzito aliyoijua. Mwongera alishika nguzo ya banda akalia kama mtoto. Aliona haya, akajifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akatoka.

"Imeamka?" Karwirwa aliuliza kutoka veranda.

"Imeamka. Jumapili utaenda kanisani."

"Na miguu gani?"

"Na hii gari. Utakaa nyuma."

Karwirwa aliacha kuchambua. Alimtazama mumewe kitambo, kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. "Haya," mama akasema. Jioni ile alimwita mjukuu wa jirani amtolee sandukuni gauni lake la Umoja wa Akina Mama, akalitundika lipigwe na upepo.

Ikabaki kazi ya breki tu. Jumamosi asubuhi Mwongera aliingia chini ya gari kutoa hewa katika mabomba. Alikuwa amelala chali, spana mkononi, mafuta ya breki yakimdondokea kifuani, aliposikia langoni sauti ya Runji: "Muga, fundi!"

Mwongera akatoa mkono.

Sasa, kabla hujamcheka, jua jambo moja. Nyambene miraa si ya kutafuna tu. Mwenye ombi zito haji mikono mitupu. Huja na kitita kilichochaguliwa kijiti kwa kijiti, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Ndivyo binti anavyoposwa, ndivyo mwenye kosa anavyoomba kupokelewa. Unayeombwa hukitazama kwanza. Ukikirudisha umekataa, na hakuna anayekukasirikia. Ukitafuna umekubali, na kukubali huko hakuna rufaa. Kila mtoto wa huko anajua. Asiyejua ni aliyelelewa mbali, kama Mbaabu.

Mbaabu alikuwa kifungua mimba wa Salesio Muthamia, mtu wa miaka arobaini na ushee, mwenye kazi nzuri Nairobi. Ndiye aliyetangulia kuingia siku ile, kitita kikiwa mkononi, wakati Runji, aliyeombwa kumsindikiza kama mzee, amebaki nyuma akipambana na komeo la lango. Aliona mkono mweusi wa grisi umechomoza chini ya gari la baba yake, kiganja kimefunguka. Alidhani ndiyo desturi yenyewe. Akafungua kitita, akachomoa vijiti vitatu, akavitia katika kiganja kile kwa adabu zote. Mkono ukarudi chini. Runji alipofika alikuta majani ya mgomba yako chini na sauti ya kutafuna inasikika.

"Mungu wangu," Runji alisema. "Fundi, toka huko."

Mwongera alitoka, shavu limevimba, akamwona mgeni. Sura ilikuwa ya Salesio mtupu, ila mpole zaidi. Kisha akaona majani ya mgomba. Akaacha kutafuna.

"Shikamoo mzee," Mbaabu alisema. "Nimesikia hii gari imeamka. Mama yangu ndiye alinipigia simu. Mimi nilikuwa nabebwa na hii gari nikiwa mtoto, wewe unakumbuka. Nimekuja kuiomba. Sikutaka kuja na makaratasi, nilitaka kuja vile baba angekuja."

Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alifungua mlango wa nyuma, akavuta shuka, akaona ngozi ilivyoshonwa, na macho yakamjaa maji. Akaingia akakaa. Akapapasa kiti kulia na kushoto. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukikalia tangu kishonwe, na Mwongera alisimama pale na spana yake akitazama.

Runji alimvuta Mwongera kando, si mbali, hatua tatu tu kutoka veranda alipokuwa Karwirwa.

"Sikiza," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu kijana amekuja kuomba, hakuja kudai. Ameniambia kwa mdomo wake, ukikataa kitita anarudi Nairobi na harudi tena. Sasa wewe umetafuna. Lakini mimi nilikuwa langoni, sikuona. Nakuuliza kama mzee: ulijua ni ya nini?"

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi hapo, wazi kabisa. Angesema tu, sikujua, nilidhani ni zako za kila siku. Lakini Runji angeuliza linalofuata, kwa sababu ndivyo mambo hayo yanavyokwenda: basi kutoa gari unakataa kwa sababu gani? Magoti ya mkewe yangetosha kuwa sababu, lakini Mwongera aliijua moja tu, ile ya kweli. Na angelazimika kujibu, mbele ya mtoto wa Salesio, mbele ya mzee wa baraza, kwamba alimpigia honi mke wake mwenye mimba akamrusha mtaroni, akaenda zake. Jumatatu Laare nzima ingekuwa inajua. Mwongera alifungua kinywa.

"Nimetafuna," akasema.

"Sijakuuliza kama umetafuna. Nakuuliza tena, ulijua? Una sababu ya kubaki na hii gari? Sema, mimi nitasimama na wewe."

Kwenye veranda maharagwe yalikuwa yamenyamaza. Mwongera hakugeuka kutazama huko.

"Chuma ni chuma tu," alisema, akajikuna shingo.

Runji akatikisa kichwa. Mbaabu akashuka kwenye gari, akamshika Mwongera mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru hadi ikawa aibu. Alitaka kuondoka mchana ule ule.

"Labda kesho," Mwongera alisema. Ilimponyoka tu. "Ungeichukua kesho jioni."

"Kesho kuna nini, mzee?"

Mwongera alitazama spana. "Kesho ni Jumapili."

"Ndiyo maana nataka kutoka leo," Mbaabu alisema. "Jumapili jioni barabara ya Nairobi inajaa sana."

Na breki hazikuwa zimekwisha. Hapo ndipo mtu mwingine angekuwa na kisingizio, lakini fundi ni fundi. Hakuweza kuliacha gari litelemke Nyambene bila breki, hata kama lilikuwa linaondoka na roho yake. Alimwambia Mbaabu akae kwa usukani, yeye akarudi chini.

"Kanyaga," alisema kutoka chini. "Shikilia. Achilia. Kanyaga tena."

Walifanya hivyo gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kazi ambayo peke yake ingempa taabu siku nzima ilikwisha kwa nusu saa, kwa msaada wa mguu wa mmiliki mpya. Mwongera alifuta vioo. Akakagua maji na mafuta. Akamwambia Mbaabu asilikimbize kwenye vilima, ni gari mzee. Mbaabu akacheka, akaahidi. Runji alipanda mbele asindikizwe hadi sokoni. Benzi likatoka langoni taratibu, likakata kona kwenye miti ya miraa, na mngurumo ukapungua hadi ukachanganyika na bodaboda za Laare. Kwa masikio yake Mwongera alisikia jinsi lilivyobadilisha gia pale chini. Lilibadilisha vizuri sana.

Alikaa bandani hadi jua likapungua. Misumari mia moja ukutani haikuwa na kitu. Kisha akaenda veranda, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Karwirwa alikuwa bado na uteo mapajani. Maharagwe mabovu na mazuri yalikuwa yamechanganyika.

"Imeenda," Karwirwa alisema.

"Imeenda."

"Runji alikuuliza mara mbili."

Mwongera aliokota harage lililodondoka sakafuni.

"Nilikuwa nasikia," Karwirwa aliendelea. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. "Niliacha hata kuchambua, nisikie vizuri. Nikasema, leo amebanwa, leo atasema. Hata kama ni kwa Runji. Mimi ningesikia tu kutoka hapa, ingenitosha."

"Mama Kanana, hiyo gari nilikuwa naitengeneza kwa..."

"Najua ulikuwa unaitengeneza kwa nini. Unadhani sikujua, uliposhona kiti kwanza?" Alisukuma maharagwe kwa vidole. "Mimi ile siku nilikuwa nimeanza kuisahau, Baba Kanana. Watoto walikua, nikasahau. Ni wewe uliyeivuta na trekta ukaileta hapa. Miaka kumi na moja, kila ukigonga bati, mimi naona mtaro. Nikasema, wacha agonge, labda siku moja mdomo nao utafunguka. Hata kesho nilitaka kukaa kwa hiyo kiti kwa sababu moja tu. Nilidhani ukinifungulia mlango utasema."

Mwongera alisimama mbele yake. Neno lilikuwa moja, fupi, hata mtoto anayejifunza kuongea analiweza. Lilifika hadi nyuma ya meno. Mkewe aliinua uso akamngoja, safari hii bila kuficha kwamba anangoja.

"Baridi inaingia," Mwongera alisema. "Wacha nikubebe ndani."

Akainama, akafungua mikono yake miwili.

Karwirwa aliitazama mikono ile kidogo. Akaweka uteo sakafuni.

"Nipe fimbo," akasema.

Akampa. Mama akainuka kwa taabu, akapita kando yake bila kumgusa, akaingia ndani hatua kwa hatua, na Mwongera akabaki verandani akihesabu fimbo inavyogonga sementi, hadi mlango wa chumbani ulipofungwa.